Kwa Nini Mwanzi Ni Mtupu Ndani

Kaeni. Na waliosimama kule nyuma nao wakae, maana nikisema na watu waliosimama naona kama wananisubiri nimalize waende zao. Nimenyoosha mkono tangu kikao kianze, na Bwana Lukanga, mwenyekiti wa kamati ya maji, ameupita mkono wangu mara tatu kama mtu anayempita mbwa aliyelala njiani. Sasa nimesimama bila kuitwa. Nimekuja na hadithi, na hadithi yenyewe haitaki kuitikiwa. Inataka kusikilizwa.

Tenki jipya la maji limeanguka Jumatano. Limeangukia jiko la Mama Sikujua, na kama Mama Sikujua asingekuwa amekwenda kuomba chumvi kwa jirani, leo tungekuwa matangani. Jambo hilo linatuuma sote. Lakini tangu asubuhi ninasikia jina moja tu hapa, Kidawa. Kidawa fundi wa kuchomelea, Kidawa aliyejenga miguu ya tenki. Mnataka anyang'anywe mashine yake na ahame kijiji. Mimi na Kidawa hatupatani, kila mtu anajua. Ana mdomo, na shikamoo yake huitoa kama anang'olewa jino. Lakini siku kamati ilipomwagiza kazi, mimi nilikuwa hapo barazani nachambua maharage, na masikio yangu bado mazima. Nilimsikia Bwana Lukanga akisema, "Tenki la zamani halitoshi. Jenga mara mbili. Urefu mara mbili, upana mara mbili kila upande, na vyuma vya miguu unene mara mbili." Nilimsikia Kidawa akijibu kwamba miguu hiyo haitatosha. Na nilimsikia Bwana Lukanga akicheka. "Binti, mara mbili ni mara mbili."

Nina hasira, na sitaificha. Lakini nitasimulia polepole kama bibi yangu alivyonisimulia, kwa sababu hasira ikikimbia hujikwaa.

Zamani hizo hapakuwa na kivuli. Dunia ilikuwa na jua, mawe, maji na mimea, lakini mmea mrefu kuliko yote ulifika kwenye goti la mtoto. Wote walikuwa na kimo kimoja: Mvule, Mgomba, Mwanzi, Nyasi, na yule Kuvumwani mnayemwona leo ametandaza zulia lake la kijani kwenye mawe ya mtoni. Walikuwa na miguu mifupi na walitembea. Asubuhi walikunywa umande kwa ngozi, mchana wakaota jua, na jua lilipopungua makali wakasogea kidogo kutafuta unyevu. Jua lilimfikia kila mmoja bila kupitia kwa mwingine, kwa hiyo hakuna aliyemwomba mwenzake nafasi.

Mkuu wao alikuwa Mvule. Sitamsingizia, mwanzoni hakuwa mbaya. Aliamua ugomvi kwa haki na misibani alisema maneno ya kufaa. Alikuwa na kasoro moja tu: kwenye kikao alionekana sawa na wengine, na hilo lilimkera. Upepo ukipita, au ndege akitua, swali la kwanza lilikuwa, "Mkuu wenu yupi?" Mvule akanyoosha shingo ili aonekane. Na kila alipoirudisha shingo mahali pake aliona kama ameporwa kitu.

Mwanzi alikuwa fundi wao. Mmea ukivunjika shina, Mwanzi ndiye aliyeunga. Mche ukizaliwa umepinda, Mwanzi ndiye aliyeunyoosha. Wakati huo naye alikuwa amejaa ndani, nyama tele kama muwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na maneno yake machache hayakuwa na sukari. Mafundi wengi wako hivyo, na watu wengi hawawapendi kwa sababu hiyo, na mimi ni mmoja wa hao wasiowapenda.

Siku moja Mvule akaitisha kikao akasema, "Jua linatoka juu. Anayelifuata huko huko juu ndiye atakayelipata zaidi. Kwa nini tukae chini kama waliokatazwa? Naagiza kila mmea uongezwe mara mbili. Urefu mara mbili, unene mara mbili, miguu mara mbili. Mwanzi atatushughulikia."

Wa kwanza kuunga mkono alikuwa Mgomba. Mnawajua watu wa namna hii, maana kila kikao kinao. Mkuu akikohoa, wao husema kikohozi hicho kina hekima. Mgomba akapepea majani yake akasema, "Umenena, Mkuu. Tena mara mbili umeona aibu tu. Ningekuwa mimi ningesema mara kumi."

Mwanzi hakupiga makofi. Akachukua udongo wa kando ya mto, akakata madongoa yaliyo sawasawa kila upande, akaweka moja mbele ya Mvule. "Mkuu, hili ni wewe leo," akasema. "Sasa nakuongeza mara mbili." Akapanga mawili kwa urefu na mawili kwa upana, yakawa manne chini, kisha akapandisha mengine manne juu yake. "Hesabu."

"Manane," akasema Mvule.

"Na yanayokanyaga ardhi ni mangapi?"

"Manne."

"Basi mzigo wako umeongezeka mara nane, na nyayo zako mara nne tu. Kila unyayo umebebeshwa mara mbili ya ulichozoea. Ukiniambia tena mara mbili, utabebeshwa mara nne. Kuna na jambo la ngozi. Ngozi ndiyo inayokunywa umande, nayo iko nje tu. Tumbo litakuwa na kiu mara nane, na ngozi italinywesha mara nne. Mkuu, kurefuka si kujinyoosha. Ni kuwa kitu kingine."

Kama kungekuwa na masikio, mambo yangeishia hapo. Lakini Mvule alitazama madongoa, akatazama watu wake, akaona kwamba akikubali atakuwa ameshindwa na fundi mbele ya kikao. Akasema, "Mara mbili ni mara mbili." Mgomba akacheka kwa sauti ili wengine wajue kwamba imekuwa mzaha. Wakacheka.

Mmoja tu alikataa, Kuvumwani. Alikuwa mpole na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nanywa kwa ngozi, na kiu yangu inatosheka," akasema. "Nikirefuka nitakunywa kwa nini? Niacheni nilivyo." Mgomba akamwambia kwamba atakanyagwa. Kuvumwani akasema aliye chini hana pa kuangukia, akajitandaza kwenye jiwe lake.

Na Mwanzi je? Mwanzi alijenga. Hapo alikosea, na sitasema vinginevyo ili kumpendeza mtu. Alijua, akasema, watu wakamcheka, akakasirika, kisha akafanya kazi aliyojua haitasimama. Labda aliogopa kuonekana mkaidi. Labda alitaka waone kwa macho yao. Bibi yangu hakusema sababu, nami siitungi.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mimea ikafika kiuno cha mtoto, ikasimama, ikaimba. Mvule akaagiza tena. Mara ya pili ikafika kifua cha mtu mzima, na siku hiyo kitu ambacho hakijawahi kuonekana kikaanguka chini. Kilikuwa cheusi, baridi, na kilikuwa na umbo la Mvule. Nyasi wadogo waliokuwa miguuni pake walidhani jua limekufa. Hicho ndicho kivuli cha kwanza duniani, na kilitengenezwa kwa kumnyima mwingine. Watu wanasifu kivuli, lakini hawajawahi kuuliza aliyekuwa chini yake alikuwa anataka nini.

Hapo hapo dalili zikaanza. Asubuhi umande ulilowesha ngozi lakini haukufika katikati, na ncha za wakubwa zikaanza kunyauka. Magoti yakaanza kulia. Mwanzi akaenda kwa Mvule, akamwambia tusimame hapa, magoti yanalia. Mvule akajibu kwamba ni uvivu. Akaagiza mara ya tatu.

Mara ya tatu walifika juu kuliko mtu aliyenyoosha mkono, na kila unyayo ulikuwa unabeba mara nane ya mzigo wake wa zamani. Walisimama asubuhi. Walisimama mpaka saa sita. Kisha ukaja upepo, na msidhani ulikuwa tufani. Ulikuwa upepo wa kukausha nguo. Mmoja akainama, akamlalia jirani yake, jirani akamlalia mwenzake, na kabila zima likaanguka kama mabua yaliyokatwa. Walioumia zaidi ni miche, iliyokuwa chini na haikuagiza chochote. Mvule mwenyewe alipona kwa sababu aliangukia mwamba ukamshikilia.

Sasa sikilizeni jinsi kikao kilivyokwenda, maana hapa ndipo bibi yangu alipokuwa akipandisha sauti. Mvule, akiwa ameegemea mwamba, aliuliza, "Nani alijenga mashina haya?" Hakuuliza nani aliagiza. Aliuliza nani alijenga, na swali likiulizwa hivyo jibu huwa ni moja tu.

"Nilisema," Mwanzi akasema. "Mbele yenu wote nilipanga madongoa."

"Ulisema," akajibu Mvule, "lakini ulijenga."

Na ni kweli alijenga. Fundi anayejua kitu hakitasimama akakijenga ana sehemu yake ya lawama. Lakini naomba mnijibu ninyi mliokaa hapa: aliyeagiza ana sehemu gani? Na waliocheka wana sehemu gani? Kikao kile kilikuwa na mashahidi mia, na mia yote ilitazama chini. Hawakusema uongo. Walikaa kimya, na kimya chao kilitosha kumaliza kazi.

Mgomba ndiye aliyependekeza adhabu. "Alijifanya ana moyo wa kumpinga Mkuu," akasema. "Atolewe huo moyo." Wakamwita dumuzi, yule mdudu anayetafuna kitu kutoka ndani na kuacha ganda. Dumuzi akaingia kwa Mwanzi kupitia unyayo. Kwa siku saba alipanda akitafuna nyama yote ya katikati, na kabila limekaa linatazama. Mgomba alikuwa anauliza kila jioni, "Amefika wapi?" Siku ya nane Mwanzi alibaki ngozi na ukuta mwembamba wa nyama ya pembeni. Wakamfukuza kwenye genge la mto, juu ya ukingo mrefu, mahali palipopigwa na upepo, ili aanguke mbali na macho yao.

Nina miaka sabini na sita, na hapa bado sijapazoea. Alisema kweli, akatobolewa kwa ajili hiyo.

Mwanzi alisimama kwenye genge akisubiri kuanguka. Upepo ukaja, akainama, kisha akarudi. Ukaja mwingine mkali, akainama zaidi, akarudi tena. Akashangaa. Kwa kuwa alikuwa fundi, mshangao haukumfanya aimbe, ulimfanya achunguze. Akagundua kwamba ile nyama ya katikati ilikuwa inalemea tu na kula chakula. Kazi ya kumzuia asivunjike upepo ukimkunja ilifanywa na nyama ya pembeni. Walimwondolea mzigo wakadhani wamemwondolea nguvu.

Lakini aliona pia kwamba akiinama sana ukuta wake unabonyea, kama mrija unavyobonyea ukiukunja. Basi akajijengea sakafu ndani, moja hapa, moja pale, na nje ya kila sakafu akajifunga mkanda. Ndivyo alivyopata vifundo. Halafu akaanza kurefuka. Hakurefuka ili aonekane, hapakuwa na wa kumwona. Alirefuka kwa sababu hesabu ilimruhusu. Chini ya ardhi akawashika watoto wake miguu, wakawa kichaka, upepo ukimsukuma mmoja unawakuta wote.

Huku nyuma Mvule alikuwa bado anataka urefu. Hakujifunza, alitafuta njia. Akaenda kwa Ardhi mwenyewe kulalamika. "Wewe ndiye unayetuvuta chini," akasema. "Wavute wengine. Mimi ni mkuu, nivute kidogo."

Ardhi akajibu bila haraka. "Jiwe nalivuta, unyoya nauvuta, mkuu namvuta. Sijui vyeo. Lakini sikukatazi urefu, Mvule. Urefu nauuza, na bei yangu haina punguzo. Ukitaka kurefuka mara mbili, kiuno kinenepe karibu mara tatu. Ukitaka mara nne, kiuno mara nane. Utakula miaka mingi ukijenga kiuno hicho kabla mtu hajakuona. Nyama yako ya ndani itakufa na kuwa gogo, na wewe uliye hai utakuwa ngozi tu iliyovaa maiti yake. Umande hautakutosha. Utapenyeza mizizi ndani yangu kutafuta maji, na maji hayatapanda kwa amri yako. Majani yako yatatoa jasho juani, na jasho hilo ndilo litakalovuta maji kutoka chini, tone likimshika tone. Siku majani yasipotoa jasho, hutakunywa."

Mvule akasema amekubali.

"Bado moja," akasema Ardhi. "Siku ile uliagiza urefu, ukawaacha wengine wafe chini yake. Sasa miguu yako itazama ndani yangu na haitatoka. Anayeagiza urefu atasimama chini ya urefu wake. Ukianguka, utaanguka na wewe."

Basi miguu ya Mvule ikazama, ikawa mizizi, na mimea yote iliyotaka kimo ikapata sharti hilo hilo. Hivyo ndivyo miti ilivyoacha kutembea. Hailali wala haikai, imesimama chini ya mzigo wake yenyewe mchana na usiku.

Mgomba alisikia bei ile akaona kubwa. Alitaka urefu lakini hakutaka kungoja miaka wala kuua nyama yake. Akatafuta ujanja. Akachukua majani yake, akayaviringisha moja juu ya lingine, akayajaza maji, akasimama. Kwa mbali ungeapa ni shina. Ukilikata unakuta majani matupu na maji. Watoto wakasema, "Tazameni mti wa Mgomba!" naye akanyamaza asiwasahihishe. Mambo yakaenda vizuri mpaka alipopata mimba. Mkungu ukatoka, ukaning'inia upande mmoja, ukakua. Siku mkungu ulipokomaa kiuno cha majani kikaanza kukunjika, na Mgomba akaanza kulia, "Nishikeni! Naanguka na mtoto!"

Mvule hakuweza kumsaidia, amefungwa miguu. Kuvumwani alikuwa mdogo. Mwenye urefu wa kumfikia na wepesi wa kubebeka alikuwa mmoja tu, yuko kwenye genge. Wale wadogo ambao hawakununua urefu na bado walitembea wakamwendea Mwanzi kwa aibu, wakiwa wametazama chini kama siku ile ya kikao. Mwanzi alimtoa mtoto wake mmoja, mkavu na mwepesi, mtupu ndani kama mama yake, akaja akasimamishwa chini ya mkungu wa Mgomba. Mgomba akaegemea. Yule aliyesema atolewe moyo akaegemea kwenye tundu la moyo ule ule.

Labda mnangoja niseme kwamba Mgomba aliomba radhi, na Mvule akasimama mbele ya kabila akamsafisha Mwanzi jina. Hawakufanya hivyo. Mpaka leo hawajafanya. Mvule yupo pale njia panda, nendeni mkamuulize.

Na tangu siku hiyo mti mrefu una kiuno kinene, na mti ukitaka kimo zaidi hunenepa kuliko unavyorefuka. Tangu siku hiyo ndani ya gogo pamekufa na uhai uko karibu na ganda, ndiyo maana ukiuchuna mti ganda lote kuuzunguka, unakufa. Kuvumwani hana mizizi ya kuchimba wala mishipa ya kupandisha maji, anakunywa kwa ngozi, na hajawahi kumwangukia mtu. Mwanzi ni mtupu, ana vifundo, anainama na kurudi. Na mgomba wenye mkungu huwekewa mwega wa kuushikilia, na mwega ulio bora ni mwanzi. Bwana Lukanga, una migomba arobaini na mitatu nyuma ya nyumba yako, nimepita nikaihesabu nikija hapa. Yote imesimamishwa na mianzi. Kesho asubuhi ukienda kukata ndizi, tazama nani anamshikilia nani.

Wazee wetu walipoiona habari hii waliifanya desturi. Mtu akiagiza kihenge cha mahindi kikubwa kuliko cha baba yake, fundi atajenga kama walivyokubaliana, lakini siku ya kujaza, aliyeagiza hukaa chini ya kihenge, katikati ya miguu yake, mpaka debe la mwisho liingie. Babu yangu alikaa. Baba yangu alikaa, tena alipoona kuti la kukalia limeshawekwa alimwita fundi pembeni akamwambia, "Hebu ile miguu uliyosema wewe, itie hiyo." Sisi tuliacha desturi hii vihenge vilipokwisha. Tukadhani imekuwa ya mahindi tu.

Kidawa, simama. Acha kununa, simama. Sema tena kile ulichosema barazani siku ile, wakati mimi nachambua maharage. Miguu ilitakiwa unene gani?

Mmesikia? Karibu mara tatu. Hakuna aliyemfundisha Kidawa bei ya Ardhi. Aliikuta kwenye hesabu zake, kwa sababu Ardhi hana bei mbili. Na wewe nawe Kidawa, mwanangu, nakwambia mbele ya watu: ulijua, ukajenga. Siku nyingine weka nyundo chini uende nyumbani. Jiko la Mama Sikujua utalisimamisha kwa mikono yako. Na Bwana Lukanga atakukandia udongo, kwa sababu lawama hii ina mafungu mawili, na fungu lake ni kubwa.

Lakini mashine ya Kidawa haitaguswa, na hatahama. Na sisi tuliokuwepo barazani siku ile, tulikuwa saba, msitazame chini. Nami nilisikia, nikaendelea na maharage yangu. Ndiyo maana leo nimenyoosha mkono tangu asubuhi.

Tenki litajengwa upya kwa kipimo cha Kidawa. Siku ya kulijaza maji nitakuja na ungo wangu wa maharage, nitakaa chini yake, katikati ya miguu, kuanzia ndoo ya kwanza hadi ya mwisho. Nitaleta viti viwili. Kimoja changu.

Bwana Lukanga, mbona unatazama juu?